Madirisha ya Mtaa wa Kikaangoni

Nchi yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu wenyewe wana sheria inayokataza kutajwa na mtu asiye na kibali, na mimi kibali sina. Itoshe mjue kwamba ilikuwa nchi ya joto. Si joto la kuvua koti. Ni joto la kuyeyusha mshumaa ambao haujawashwa.

Watu wake walikuwa waungwana, hawakulilaumu jua. Walinunua feni. Wenye nafasi wakanunua viyoyozi. Umeme ukapanda bei, watu wakawa wanachagua ama wale ama wapate usingizi, kwa maana vyote viwili kwa mwezi mmoja havikuwezekana. Serikali, ambayo ilikuwa na huruma isiyopimika, ikaunda Tume ya Kupunguza Gharama za Ubaridi Majumbani.

Tume ikasafiri. Wajumbe walisema kwamba anayetaka kujifunza ubaridi sharti aende kwa wenye ubaridi, kwa hiyo wakaenda nchi moja ya mbali inayofunikwa na theluji. Huko walitembezwa nyumba hadi nyumba. Wakaona madirisha yote yamefungwa kabisa, na ndani hakuna feni hata ya dawa. Wakawauliza wenyeji hutumia kiasi gani kupoza nyumba zao. Wenyeji wakashangaa, wakajibu kwamba hawatumii chochote. Wajumbe wakatazamana. Jibu walikuwa wamelipata, na kwa kuwa safari ilikuwa bado ina siku nyingi mbele, wakazimalizia kwa kununua makoti.

Waliporudi, Waziri wa Nyumba na Starehe za Wananchi, Mheshimiwa Dakta Kipupwe, alilihutubia taifa akiwa ndani ya mojawapo ya makoti hayo.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi tumeliacha joto liingie ndani kupitia madirishani, kisha tunalipa umeme ili kulitoa. Joto ni mgeni asiyealikwa. Mgeni asiyealikwa hapikiwi pilau, anafungiwa mlango. Na kwa kuwa milango tunaihitaji sisi wenyewe, tutafunga madirisha."

Amri ikatoka. Kila dirisha la nyumba ya kuishi lipigiliwe mbao na kutiwa lakiri yenye nembo ya taifa. Atakayeivunja lakiri atakuwa ameivunja nembo, na atakayeivunja nembo atakuwa ameivunja nchi.

*

Kazi hiyo katika Mtaa wa Kikaangoni ilimwangukia mtendaji wa mtaa, Hamduni Kizere. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye shati lililonyooshwa pasi hata siku za mapumziko. Hakuwa mla rushwa wala mkorofi. Kosa lake, kama lilikuwa kosa, ni kwamba aliamini serikali haikosei. Ikionekana imekosea, basi ni yeye hajaielewa vizuri.

Akabeba nyundo, misumari na lakiri, akaanza mwanzo wa mtaa. Watu hawakumtukana. Walisimama vibarazani wakamtazama akipigilia, na wengine walimshikia ngazi, kwa sababu walikuwa wamemzoea. Mama mmoja muuza maandazi alimuuliza kwa upole sasa watapumua nini. Hamduni akafungua waraka wa wizara, akamsomea jibu lililoandaliwa: wananchi wataendelea kupumua hewa ileile waliyokwisha kuizoea.

Nyumba yake aliiacha hadi mwisho. Humo alikuwa akiishi na mkewe, Zawena, na mama yake mzazi, Bi Mwajabu, mwanamke mzee ambaye moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imeuma hadi ikakataa kwenda. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha linalotazama bondeni, na upepo wa bondeni ndio uliokuwa dawa yake. Vidonge vya zahanati alivinywa kwa adabu tu.

Zawena alimwambia mumewe aliache dirisha lile. Nani angejua? Lilikuwa uani.

"Nikiliacha la kwetu," Hamduni akasema, "kesho nitamtazama vipi yule niliyemzibia la kwake?"

Alisema kweli, na ndilo jambo linaloniumiza ninapowasimulia. Hakuliziba dirisha la mama yake kwa woga. Aliliziba kwa haki. Bi Mwajabu alimsikiliza akipiga misumari, kisha akamwambia aendelee tu, kazi ni kazi. Akageuka akautazama ukuta.

*

Miezi ya kwanza mpango ulifanikiwa kupita matarajio. Matumizi ya umeme majumbani yaliporomoka, kwa sababu hapakuwa na mtu majumbani. Watu walipika nje, wakala nje, wakatandika mikeka nje. Wizara ikatoa taarifa ya furaha. Lakini mjumbe mmoja wa Tume, akipita kwa gari, aliona mtaa mzima umelala barabarani, akauliza wageni watafikiriaje. Ikatoka amri ya nyongeza kwamba kulala nje ni kuikashifu nyumba yako, na kwamba mzalendo hulala ndani.

Wakarudi ndani. Feni zikawashwa, zikawa zinazungusha hewa moto kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, kama mtu anayekoroga uji. Watoto walitoka vipele. Wanandoa waliokuwa wakipendana walianza kulala mmoja kichwani mwingine miguuni, wasigusane. Hamduni alipita akikagua lakiri, na katika kila nyumba alikaribishwa kwa sauti iliyokuwa ikipungua wiki hadi wiki.

Kwake, Zawena alikuwa akilowesha kanga na kumfunika nayo mama mkwe wake. Ikikauka analowesha tena. Bi Mwajabu hakulalamika. Aliacha tu kuzungumza mambo marefu, kwa kuwa pumzi alikuwa akiitunza.

Ndipo ikaja habari njema. Mheshimiwa Waziri atakuja Kikaangoni kuona kwa macho yake nyumba ya mfano, na nyumba iliyochaguliwa ni ya mtendaji mwenyewe, kwa kuwa ina mkazi mzee, na wazee hupendeza kwenye picha.

Siku moja kabla ya ziara lilikuja lori lenye jenereta na kiyoyozi kikubwa kama kabati. Mafundi wa wizara walitoboa ukuta wa nyuma, wakakipachika, wakalifunika tundu kwa picha ya Mkuu wa Nchi akitabasamu. Hamduni aliuliza, kwa heshima, kama kutoboa ukuta hakukiuki amri. Akajibiwa kwamba amri inahusu madirisha, na tundu lenye picha ya Mkuu wa Nchi si dirisha, ni mapambo.

Chumba kikapoa. Jasho likamkauka Bi Mwajabu shingoni. Akavuta kanga hadi kidevuni, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu madirisha yazibwe, akalala usingizi mzito wa mtoto mchanga. Zawena alikaa pembeni akimtazama na hakutaka kutoka. Hata Hamduni alijikuta ameegemea ukuta, amefumba macho, na moyoni akisema: kumbe inawezekana.

Waziri alifika na koti lake na waandishi wake wa habari. Akaingia, akasugua mikono, akainama kitandani.

"Mama, unajisikiaje humu?"

"Vizuri sana, mwanangu," Bi Mwajabu akasema. "Leo nimelala."

Waziri akawageukia waandishi, akanyoosha kidole kwenye dirisha lililopigiliwa mbao. Hakusema neno. Alijua kwamba ushahidi wa namna ile hauhitaji maneno, ingawa baadaye, nje, aliyatafuta akayapata mengi.

Alipoondoka, lori likaondoka na kiyoyozi. Mafundi waliziba tundu kwa saruji, wakafanya kazi safi, na picha wakaichukua pia kwa kuwa ilikuwa inahitajika katika nyumba nyingine ya mfano. Kufikia alasiri chumba kilikuwa kimerudi kuwa tanuri. Bi Mwajabu alimwita mwanawe.

"Hamduni," akauliza, "yule waziri atarudi lini?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alidhani kwa kweli kwamba ubaridi ule waziri alikuja nao mwilini, kama wengine wanavyokuja na baraka. Hamduni akasema hajui, akatoka uani.

*

Baada ya hapo hali ya mama ilianza kwenda chini. Miguu ilivimba. Kauli ikawa inakatika katikati. Muuguzi wa zahanati alikuja, akampima, akachungulia mlangoni kuhakikisha hapana mtu, kisha akasema taratibu kwamba dawa ya mgonjwa huyu ni upepo, na kwamba yeye hakusema hivyo.

Zawena alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vifaa.

"Nyundo hii hapa," alimwambia mumewe. "Dirisha lile pale. Unangoja nini?"

Hamduni akamwambia asubiri, atakwenda mjini kuomba ruhusa. Alimweleza kwamba yeye ndiye mtendaji. Akifungua bila ruhusa, kesho mtaa mzima utafungua.

"Na ufungue," Zawena akasema.

Lakini Hamduni alikuwa amekwisha vaa shati.

Ruhusa za namna hiyo zilikuwa zikitolewa na Idara ya Matundu, katika jengo la wizara. Hamduni alipoingia tu, meno yalianza kugongana. Jengo lile lilipozwa usiku na mchana, hata makarani waliandika wakiwa na skafu shingoni, na mmoja alikuwa ameweka miguu juu ya jiko dogo la umeme. Karani huyo alimsikiliza vizuri, akamsikitikia, akamweleza kwamba haiwezekani kumruhusu kufungua dirisha kwa kuwa hana dirisha. Kisheria, dirisha likishatiwa lakiri huwa ukuta. Kuufungua ukuta ni ujenzi. Aende Idara ya Ujenzi, ghorofa ya juu.

Ghorofa ya juu walimuuliza ukuta huo ni wa nini. Akasema wa mbao. Wakacheka kwa upole. Ukuta wa mbao uliomo ndani ya ukuta wa matofali, wakasema, kila mtu anajua kwamba ni dirisha. Arudi Matundu.

Alipanda na kushuka. Katikati ya ngazi alisimama, akautazama ukumbi mrefu wa wizara wenye mabenchi matupu, baridi ikipuliza kutoka darini bila kumpulizia mtu. Likamjia wazo, akarudi kwa karani akamuuliza kama angeweza kumleta mama yake akae pale kwenye benchi, mchana tu, bila kumsumbua mtu. Karani akauliza mama angekuwa amekuja kwa shughuli gani.

"Kupumua," Hamduni akasema.

Karani akasema kwa masikitiko kwamba huduma hiyo haitolewi hapo.

Mwishowe mkuu wa idara mwenyewe, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai, alimwona mtu mzima analia kwenye ngazi, naye akaguswa. Alikuwa mtu mwema. Wengi humo walikuwa watu wema. Akampa ruhusa iliyopigwa muhuri: afungue robo ya dirisha, wakati wa mchana, ilimradi nje hapana joto.

Hamduni aliibeba mikononi kama mtu aliyebeba yai, akarudi mbio. Alipofika mtaani aliona watu wamesimama mbele ya nyumba yake, na hawakumtazama.

Zawena alikuwa ameketi kitandani, kichwa cha Bi Mwajabu kikiwa mapajani mwake. Nyundo ilikuwa sakafuni, mpini umevunjika. Ubao mmoja wa dirisha ulikuwa umeng'olewa kwa mikono, na vidole vya Zawena vilikuwa vinatoka damu. Katika mwanya ule upepo wa bondeni ulikuwa ukiingia, ukipeperusha nywele nyeupe za marehemu.

"Alipata kidogo," Zawena akasema. "Nilichelewa kuung'oa, lakini alipata kidogo."

*

Wizara ilijileta msibani. Ilileta turubai, viti na maji ya chupa, na Waziri mwenyewe akaja, kwa kuwa picha ya Bi Mwajabu ilikuwa imebandikwa nchi nzima na isingekuwa vizuri afe kimyakimya. Alipopewa nafasi alizungumza kwa uchungu wa kweli.

"Tumempoteza mkazi wa mfano," alisema. "Lakini tusihuzunike kupita kiasi. Lengo letu lilikuwa kupunguza gharama za ubaridi majumbani. Mama huyu leo hahitaji feni, hahitaji kiyoyozi, hahitaji umeme hata wa kuwasha taa. Ni mwananchi wa kwanza wa nchi hii kufikia gharama sifuri. Ametutangulia, nasi sote tutamfuata."

Waliokuja naye wakapiga makofi. Watu wa Kikaangoni walitazama chini.

Ratiba ilimtaka mfiwa ashukuru. Hamduni akasimama, akashukuru. Alimshukuru Waziri kwa kuja, akashukuru kwa turubai na maji. Maneno yalimtoka yenyewe, kama yalivyokuwa yakimtoka miaka yote, na alipokuwa akiyasema macho yake yalikutana na ya mkewe, aliyekuwa ameketi na wanawake wenzake, vidole vyake vimefungwa vitambaa. Zawena hakumkunjia uso. Alimtazama tu jinsi mtu anavyomtazama mpita njia.

Mmoja wa maofisa, aliyekuwa amekwenda uani kunawa, alirudi akamnong'oneza Waziri. Lakiri ya dirisha la nyuma imevunjwa. Ofisa akauliza kwa sauti nani ameivunja. Zawena akaitengeneza kanga yake, akaanza kuinuka.

"Ni mimi," Hamduni akasema.

Alikuwa bado amesimama kutoka kwenye zile shukrani, kwa hiyo hakuhitaji hata kuinuka.

"Ni mimi niliyeivunja. Na ninachojutia ni kwamba sikuivunja mapema."

Wakamchukua hapohapo, kabla ya chakula cha msiba. Alipopitishwa mbele ya wanawake, Zawena alimshika mkono kwa vile vidole vyake vyenye vidonda, akauachia.

Mahakamani mambo yalikwenda haraka. Hakimu alimuuliza kama ana la kusema ili apunguziwe adhabu. Hamduni akasema hataki ipunguzwe, anataka iongezwe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeziba madirisha yote ya Mtaa wa Kikaangoni, na katika nyumba zile mama yake hakuwa mzee peke yake. Aliomba ashtakiwe kwa hayo pia. Hakimu akapekua vitabu vyake kwa subira, kisha akamfahamisha kwamba hayo hayakuwa makosa. Hayo yalikuwa utumishi uliotukuka, na kwa hayo anapunguziwa kifungo miezi miwili.

*

Gereza alilopelekwa lilijengwa na wakoloni, watu ambao sitawasifu, isipokuwa walijua kujenga kwenye joto. Kuta zilikuwa nene kama mtu amelala ubavu. Juu palikuwa na madirisha mapana yenye nondo, na upepo ulipita kati ya nondo bila kuulizwa, kwa maana amri ya Waziri ilihusu majumbani tu, na gereza si nyumba ya mtu. Siku ya kwanza Hamduni alijilaza sakafuni, upepo ukampitia usoni na kifuani. Ulikuwa mtamu mno. Alijigeuza kifudifudi ili usimguse, akalia kwa kuona haya.

Zawena alipokuja kumtembelea walizungumza kwa upole, kama wachumba wanaofahamiana upya. Alimwambia kwamba baada ya msiba, yule muuza maandazi alilivunja dirisha lake mchana kweupe, na alipoulizwa akasema hata yeye ni Hamduni. Jirani yake akafuata, na baadaye mtaa wa pili. Kila juma wafungwa waliongezeka, wakiingia na mito yao kwapani, na wengi walilala usingizi wao wa kwanza tangu amri itoke. Habari zikafika wizarani kwamba wananchi wanapoa kwa gharama ya serikali.

Ndipo mkuu wa gereza alipomwita Hamduni ofisini. Naye hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akamweleza kwamba amri imepanuliwa, madirisha ya magereza nayo yazibwe, na kwamba askari wake hawana uzoefu. Hamduni anao. Akiifanya kazi hiyo vizuri, ataondoka kwenda kwa mkewe kabla ya mwezi mpya kuandama.

Nyundo ilikuwa mezani, na misumari, na lakiri. Hamduni alivitazama. Alimwona Zawena akiwa peke yake katika nyumba ile, akilowesha kanga na kujifunika mwenyewe, na mkono wake ukataka kwenda. Hilo baadaye hakulificha; ulitaka kwenda.

"Afande," akasema, "tafuta mtu mwingine."

Mkuu wa gereza akamkumbusha kwamba madirisha yatazibwa hata hivyo. Hamduni akasema anajua.

Yakazibwa na mtu mwingine, mfungwa wa wizi wa ng'ombe, ambaye aliachiwa jioni ileile. Hamduni akaongezewa mwaka. Katika chumba chenye giza wafungwa walikaa mabega yakigusana, jasho la huyu likimtiririkia yule. Baada ya muda, sauti ya mtu mzima upande wa kushoto, ambaye sura yake hakupata kuiona vizuri, ikamuuliza kama ni kweli kwamba yule mkazi wa mfano, yule wa kwenye picha, alikuwa mama yake.

Hamduni akasema ndiyo.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hilo hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza, si wizarani, si msibani, si mahakamani. Alifikiri atakosa pa kuanzia. Kisha akaanza kueleza kwamba jina lake ni Mwajabu binti Tawakali, kwamba ujanani alikuwa mwimbaji wa harusini na sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya bonde, kwamba alipenda chai ya tangawizi kali hata siku za jua, na alikuwa akisema anayeogopa jasho hajui utamu wa kukauka. Mtu mmoja gizani akacheka kidogo. Wengine wakasogea karibu, ingawa joto lilikuwa haliruhusu, ili wasikie vizuri.